Marehemu wa Kaunta

Tangu binti yake alipoanza kusema, yule msusi alikuwa na jibu moja tu kwa swali moja. Baba yuko wapi? Baba alifariki kabla hujazaliwa. Jibu hilo aliwapa majirani, akawapa walimu, akawapa wateja wadadisi waliokaa kwenye kiti chake cha saluni. Alilitoa kwa sauti ya chini na macho ya kuinamia, hata muulizaji akajiona amekosa adabu. Marehemu aliugua homa. Alizikwa kwao, mbali. Picha zake ziliharibiwa na mvua nyumba ilipovuja. Uongo ule alikuwa ameusuka vizuri, hauna unywele uliochomoza, kiasi kwamba siku nyingine mwenyewe alijikuta anamsikitikia huyo marehemu.

Binti walimwita Chiriku kwa sababu ya maneno. Alikuwa mpokea simu wa kampuni ya teksi, na madereva walikuwa wanapiga hata pasipo na abiria, ili mradi wamsikie. Ndipo asubuhi moja akaamka uso umemvimba. Wakasema kalala vibaya. Kesho yake viatu vikakataa miguu, wakasema ni jua. Lakini alipoanza kutapika kila alichokula na kuishiwa pumzi akipanda ngazi ya ofisini, mama yake alimbeba juu juu hadi hospitali, na huko wakaambiwa maneno ambayo hakuna aliyeyategemea kwa msichana wa umri ule: figo zote mbili zimekufa.

Kuanzia hapo maisha yao yakazunguka mashine. Mara kadhaa kwa wiki Chiriku alilazwa kwenye kiti kirefu, damu yake ikatoka kwa mpira mmoja, ikasafishwa, ikarudi kwa mwingine. Madaktari walimuunganisha mishipa mkononi ili sindano zipate pa kuingilia, na pale palipounganishwa palikuwa panavuma chini ya ngozi mchana na usiku. Maji alipimiwa. Msichana ambaye zamani alikunywa soda huku anaongea, sasa kikombe kimoja alikigawa mpaka kimfikishe jioni. Maneno yakapungua pia. Madereva wakipiga simu ofisini, alipokea mtu mwingine.

Dawa ilikuwa kupandikizwa figo ya mtu. Msusi alijitolea kabla daktari hajamaliza sentensi. Wakampima, wakakuta ana presha ya siku nyingi ambayo hata mwenyewe hakuijua. Wakamkataa. Mjomba wa Chiriku, fundi bomba, akaja na ovaroli yake ya kazini, akasema wachukue zote mbili wakitaka. Kundi lake la damu halikupatana na la mpwa wake. Akarudi kazini analia waziwazi, na boksi lake la spana mkononi.

"Upande wa baba je?" aliuliza daktari wa figo, mama mmoja mpole mwenye miwani.

Chiriku ndiye aliyejibu. "Baba ni marehemu, daktari."

Msusi aliangalia sakafu. Masikio yalimwaka. Daktari aliandika kitu, akawaaga, akatoka. Msusi alisema anakwenda msalani. Alimkimbilia yule daktari mpaka akamkuta kwenye ngazi.

"Daktari. Yule baba... sina hakika kama amekufa."

"Huna hakika?"

"Nina hakika hajafa."

Daktari alivua miwani, akamtazama. "Basi mtafute, mama," akasema. "Mtafute haraka."

Kumtafuta ni kitu kimoja, kumpata ni kingine. Yule mwanamume alikuwa mtu wa kaunta katika moteli ya zamani iliyo kando ya barabara kuu, enzi ambazo msusi alikuwa bado msichana, mhudumu wa vyumba, anabadilisha mashuka na kupiga deki. Wenzake walimwita Kizibo kwa jinsi alivyofungua chupa: alikirusha kizibo juu, akakidaka mgongoni bila kuangalia. Msusi alimpenda kwa ajili ya upuuzi huo. Alipomwambia kwamba ana mimba, Kizibo alifuta kaunta yote, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, ndipo akasema, "Kamtafutie baba mwingine." Wiki hiyohiyo akaingia mitini. Baadaye moteli yenyewe ikafungwa, popo wakahamia darini, na msusi akajifunza kusuka.

Sasa alimuulizia kila mtu. Aliyekuwa mpishi wa moteli amekufa kweli. Mlinzi amesahau hata jina lake mwenyewe. Msusi alianza kukata tamaa, mpaka siku moja mteja aliyekuwa anasukwa akamwonyesha simu ili acheke naye.

"Dada, ona palivyo pazuri. Ile moteli iliyokuwa gofu wameifufua. Wameweka launji ya kokteli, vitu vyote vya zamani. Hata mzee wa kaunta ni yuleyule wa zamani, walimfuata kwake wakamrudisha."

Kwenye picha alisimama mwanamume mwenye ndevu nyeupe, mikanda ya suruali mabegani, tai ya kipepeo shingoni, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa kushoto kama mtu anayesikiliza ukutani. Chiriku alikuwa anakiweka hivyohivyo akiwa kwenye simu.

"Dada, unanivuta," mteja alilalamika. "Dada! Nywele!"

Alikwenda kesho yake alasiri, siku ambayo Chiriku alikuwa amelala nyumbani amechoka. Alivaa gauni lake la kwendea harusi na viatu vinavyobana. Njiani alijifunza maneno kama mtoto wa shule anayekwenda kwenye mashindano: nitaanza na salamu, kisha hali ya mtoto, kisha ombi.

Alipofika hakuamini. Majengo yalikuwa yaleyale, ghorofa moja lililokunjika kuzunguka uwanja wa magari, milango imepangana. Lakini milango ile, aliyoiacha ikiwa imebanduka rangi, sasa ilikuwa ya kijani kibichi na vitasa vya shaba. Bwawa la kuogelea, ambalo hata enzi zile lilikuwa na vyura wengi kuliko waogeleaji, lilijazwa udongo na kupandwa mimea yenye majani mapana. Ile taa ya maandishi juu ya paa, iliyokuwa na herufi mbili zilizokufa, iliwaka yote, mchana kweupe.

"Karibu, mama. Umeweka nafasi?" aliuliza msichana wa mlangoni aliyevaa kofia ndogo kama ya wahudumu wa ndege.

"Nafasi ya nini?"

"Ya kukaa."

"Nitasimama," msusi akasema, akapita.

Ndani palikuwa na kiza cha kupendeza na muziki wa polepole. Alichukua muda kuelewa yuko wapi. Walikuwa wamebomoa kuta za vyumba vitatu na kuvifanya ukumbi mmoja, ila namba za shaba za vyumba wakaziacha ukutani kama mapambo. Kaunta ilikuwa imejengwa pale lilipokuwa bafu, bafu alilolisugua kwa magoti mpaka yakaota sugu. Pembeni, lile toroli lake la mashuka lilikuwa limepigwa vanishi na kupangwa chupa za rangi zote. Watu walikaa kwenye makochi ya velveti wakiwa na glasi ndefu zenye vijiti na maua. Wengine walilipiga picha toroli.

Kizibo alikuwa kaunta, anatikisa kopo la kuchanganyia vinywaji juu ya bega huku anawasimulia wateja mambo ya zamani. Hiyo ilikuwa sehemu ya kazi yake mpya. Kuchanganya na kusimulia.

"Enzi zile," alikuwa anasema, "mgeni akija na mke, tunampa chumba cha mbele. Akija na asiye mke, cha nyuma. Siku moja wakaja wote wawili, mke na asiye mke, kwa magari tofauti!"

Wateja waliangua kicheko. Msusi alijipandisha kwenye stuli ya mwisho, mkoba wake mapajani.

"Karibu, mama. Nikutengenezee nini?"

Hakumtambua. Na yale maneno yote aliyoyapanga njiani yalimtoka kichwani kama maji kwenye chujio.

"Maji."

Akamwekea glasi ya maji yenye barafu na kipande cha limau, akageuka.

"Kizibo."

Mkono wake ulisimama hewani. Jina lile halikuwa na mtu wa kuliita tena. Hapo kazini walimwita Mzee.

"Nani wewe?"

"Mimi ni wa mashuka."

Alimtazama uso, kisha gauni, kisha uso tena. "Umenenepa," akasema.

"Na wewe umezeeka. Mtoto anaumwa."

"Mtoto gani?"

"Yule uliyeniambia nikamtafutie baba mwingine. Nilitafuta, sikumpata. Nikaona heri nimuue aliyekuwepo. Ameishi mpaka leo akijua umekufa."

Kizibo alichukua limau na kuanza kulimenya, ganda likitoka refu bila kukatika. Alimenya kwa uangalifu kama vile hiyo ndiyo shida pekee iliyopo duniani.

"Hapa ni kazini," akasema chinichini. "Mimi ni mwajiriwa tu. Kama ni matunzo..."

"Sitaki matunzo. Nataka figo."

Alisema kwa sauti kuliko alivyokusudia. Kijana mmoja mwenye miwani ya jua, aliyekaa stuli ya tatu, aligeuka kwa furaha.

"Figo? Hiyo mpya? Ina nini ndani? Mzee, na mimi nipe Figo moja, ya baridi."

Rafiki zake wakacheka, na mmoja akasema yeye anataka Figo mbili. Msusi alimwangalia kijana yule, meno yake meupe, afya inavyong'aa shavuni. Alishuka kwenye stuli. Baadaye alisema hakupanga kabisa, kwamba miguu yenyewe ndiyo iliyopanga. Alizunguka kaunta, akafika pale kwenye uwazi wa kupitishia trei, akapiga magoti kwenye sakafu ileile.

"Naomba upimwe tu," akasema. "Sisemi utoe. Upimwe. Ukitaka, hutamwona. Ukitaka, nitaendelea kusema umekufa. Naomba, baba. Naomba."

Muziki haukusimama, lakini watu walisimama. Simu mbili tatu zikainuliwa. Meneja, kijana aliyevaa viatu vya rangi mbili, alifika mbio huku bado anatabasamu.

"Mama, mama, tafadhali. Wateja wanastarehe. Mzee, huyu unamfahamu?"

Kizibo alikuwa ameshika kile kisu kidogo cha limau. Aliwatazama wateja. Alimtazama meneja.

"Simfahamu," akasema.

Walimtoa kwa adabu. Yule msichana wa mlangoni alimshika kiwiko na kumwambia pole, akamwuliza kama ana mtu wa kumpigia simu. Msusi alikwenda kukaa kwenye ukingo wa lile bwawa lililofukiwa. Alivua viatu. Hakulia. Alikaa pale mpaka mtunza bustani alipomwomba asogee amwagilie maua, ndipo akatembea kwenda nyumbani, viatu mkononi, na gauni lake la harusi limechafuka magotini.

Chiriku alikuwa macho. "Mama, umetoka harusi ya nani?"

Hapo msusi akamwaga yote. Alimweleza kuhusu mimba, na kaunta iliyofutwa mwisho hadi mwisho, na homa ambayo haikuwepo na kaburi ambalo halikuwepo. Aliongea akiwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, bila kumwangalia. Alisubiri kilio au tusi.

"Kwa hiyo," hatimaye Chiriku akasema, "miaka yote nimekuwa nikimwombea mtu alale pema, kumbe analala zake."

"Nisamehe, mwanangu."

"Na huko peponi wamenisikia, wamecheka." Alifunika uso kwa shuka. Chini ya shuka mabega yalitikisika, na mama yake hakuweza kujua kama ni kicheko au kilio, mpaka shuka lilipoanza kulowa. Hakuongea na mama yake siku ile wala iliyofuata. Siku ya tatu, akitoka kwenye mashine, mdomo umemkauka na mkono una plasta, alisema kitu kimoja tu: "Nipeleke."

"Atakukana mbele za watu. Nimemwona."

"Anikane nikiwepo."

Walikwenda kwa teksi. Dereva mmoja wa kampuni ya zamani ya Chiriku aliwapeleka bure. Msichana wa mlangoni alipowaona alisita, maana alikuwa ameonywa. Chiriku alimwegemea kidogo, akamsifia kofia, akamwuliza kama inabaki yenyewe au kuna pini. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi msusi alisikia sauti ile ya kwenye simu. Msichana akacheka, akatazama kule alikokuwa meneja, akawafungulia.

Ilikuwa mapema, wateja hawajajaa. Kizibo alikuwa anapanga glasi. Alimwona msusi kwanza, akakaza uso. Kisha akamwona aliyeambatana naye, msichana mwembamba mwenye macho yaliyovimba, anayetembea kama mtu anayevuka mto, na kichwa amekiinamisha kidogo upande wa kushoto.

Glasi aliiweka chini taratibu sana.

Chiriku alikaa. Alitazama zile chupa, mabomba ya bia, matunda yaliyokatwa, ndoo ya barafu, birika za juisi zenye jasho. Ukumbi mzima ulikuwa umejengwa kwa ajili ya kiu, na yeye mgao wake wa siku ulibaki mafunda mawili.

"Nikupe nini?" Kizibo aliuliza.

"Kipande kimoja cha barafu."

"Na nini?"

"Na basi. Sina ruhusa ya kunywa. Maji hayana pa kutokea."

Alichagua kipande kikubwa, kisicho na ukungu, akakiweka kwenye glasi fupi na kumsogezea. Chiriku alikitia mdomoni, akafumba macho. Alikimumunya kwa starehe kubwa, bila haraka, shavu limetuna, huku wale watu wawili waliomleta duniani wamesimama pande mbili za kaunta wanamwangalia kama wanaangalia moto. Alipomaliza alijifuta midomo.

"Mimi sijaja kuomba figo," akasema. "Anayeomba ni mama. Mimi nimekuja kuona uso. Nimekuzika tangu nikiwa mdogo, nilitaka nijue nimemzika nani."

Kizibo alichukua kitambaa, akaanza kufuta kaunta. Msusi alipoona mkono ule unaanza safari yake, kutoka mwisho huu kuelekea mwisho ule, alijua jibu. Alimshika binti yake begani. "Twende, mama. Twende nyumbani."

Lakini Chiriku aliulaza mkono wake kwenye kaunta, njiani mwa kitambaa, upande wa ndani ukiwa juu.

"Weka kidole hapa."

"Wapi?"

"Hapo palipovimba. Usiogope, haiumi."

Aliweka kidole. Chini ya ngozi damu ilikuwa inavuma, inatetema, kama friji bovu linalohangaika kubaki na baridi. Aliuondoa mkono haraka, kisha akaurudisha mwenyewe, safari hii vidole vyote. Meneja alikuwa ameshatokea mlangoni na viatu vyake vya rangi mbili.

"Mzee, kuna tatizo? Hawa ni kina nani?"

Kizibo hakugeuka. "Mwanangu," akasema. Akakohoa. "Huyu ni mwanangu. Kanifuata kazini."

Alipimwa wiki iliyofuata. Alikuja hospitali amenyoa ndevu, amevaa shati lililopigwa pasi, anaongea na kila muuguzi. Msusi alikaa kwenye benchi la mwisho wa korido kwa sababu hakutaka kuwa karibu naye na hakuweza kuwa mbali. Alijizuia kutumaini, akashindwa. Aliota mwanawe anakunywa jagi zima la maji.

Majibu aliyatoa yuleyule daktari wa miwani. Kizibo alikuwa na kisukari. Pengine cha miaka mingi, hakikugunduliwa, na figo zake zilikuwa zimeanza kuguswa. Hakuruhusiwa kumpa mtu kitu. Yeye mwenyewe alitakiwa kuanza dawa siku hiyohiyo.

"Hata hili nimeshindwa," alisema Kizibo, mikono yake mikubwa ikining'inia.

Msusi hakumwambia pole. Alitaka kumpiga. Alimchukia kuliko siku ile alipomtoroka, kwa sababu siku ile alimwachia mtoto, na leo amemwondolea. Alitoka nje, akasimama nyuma ya jengo kwenye mabomba ya gesi, akapiga yowe moja. Mfagiaji aliyekuwa pale aliinua macho, kisha akageukia upande mwingine akaendelea kufagia, kama mtu aliyezoea.

Lakini Kizibo hakuingia mitini safari hii. Siku za mashine alikuja, akakaa karibu na kile kiti kirefu, akasimulia habari zake za moteli mpaka wagonjwa wengine wakaomba arudie. Na kwa kuwa siri ilishapasuka, akaisema hata nyumbani kwake. Alikuwa na mke, na mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa dereva wa gari la kusambaza mikate. Kijana aliposikia ana dada, hakuuliza mengi. Alikwenda mwenyewe hospitali asubuhi akiwa bado na unga shatini, akatoa damu. Kundi likapatana. Wakamwambia kuna vipimo vingi bado, ila mpaka hapo njia iko wazi.

Yule mke alifika saluni Jumamosi, watu wamejaa. Mwanamke mrefu, mkoba ameukumbatia. Hakutaka kukaa.

"Mimi ni mke wa yule mzee wa kaunta. Sikuja kugombana, dada."

Msusi aliweka kitana chini.

"Nina mtoto mmoja tu," mwanamke akasema. "Kesho akipata ajali na lile gari, kabaki na figo moja. Akiugua, nani atampa? Nakuomba mwambie mwanao akatae. Kijana wangu haambiliki, lakini dada yake akikataa atasikia. Nakuomba kama mama."

Saluni nzima iligeuka. Hata aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha alitoa kichwa.

"Ningekuwa wewe," msusi akasema polepole, "ningekuja kuomba hivyohivyo."

"Kwa hiyo utamwambia?"

"Sitamwambia. Nisamehe. Siwezi."

Walitazamana. Mke wa Kizibo alitikisa kichwa, akatoka bila kuaga.

Ila saluni ina masikio, na jioni ileile Chiriku alikuwa ameshajua. Alimpigia yule kaka yake palepale, mama yake akisikia. "Mpaka mama yako aseme ndiyo kwa mdomo wake," alimwambia. "Sitaki kutembea na kitu ambacho kuna mama wa mtu anakililia."

Msusi alimfokea. Alimwita mjinga, akamwambia ukubwa wa roho haumsafishi mtu damu. Alisema yeye angekiiba kiungo hicho kwa kisu cha jikoni kama angeweza, na hakuona aibu kulisema. Chiriku alimsikiliza mpaka mwisho. "Najua, mama," akasema. "Ndiyo maana nimesema mimi."

Asubuhi msusi alifunga saluni na kwenda kwa yule mke. Alikwenda tayari kupiga magoti tena, na safari hii alijua kabisa kwamba anakwenda kupiga magoti. Mwanamke alimfungulia mlango kabla hajabisha.

"Usipige," akasema, alipoona anainama. "Kijana kanieleza alichosema mwanao. Ingia ndani."

Walikaa muda mrefu. Mke wa Kizibo hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Mpaka leo hajasema. Aliuliza msichana anakula nini, anaruhusiwa nini, inauma kiasi gani. Mwishoni akauliza siku gani anakwenda kwenye mashine.

Siku hiyo alikuja. Alisimama mlangoni mwa wodi, mkoba kifuani, akiangalia damu ya mtoto wa mwenzake ikizunguka kwenye mipira, nyekundu ikienda na nyekundu ikirudi. Kizibo aliacha hadithi katikati. Msusi alishika ukingo wa kile kiti kirefu.

"Karibu, mama mkubwa," Chiriku akasema, sauti yake nyembamba. "Kiti hicho mguu umevunjika. Njoo ukae hiki."

Mwanamke akaja, akakaa.